Sandwichi Imelowa, Imeungua ama Inamwagika: Tafuta Shida Iko Wapi

Sandwichi kwa maneno ni rahisi, vipande viwili vya mkate na kitu katikati, mtoto wa darasa la pili anaweza. Lakini ukae Lamu, kaskazi imeshika, hewa nzito mpaka chumvi kwenye kikopo inagandana, utaona mambo yanakwenda mrama kwa namna ambayo zile video za watu wa nchi za baridi hazikwambii hata kidogo. Wao wanasema tengeneza asubuhi ule mchana. Haya, tengeneza asubuhi hapa mtaani kwetu Langoni utie kwenye begi la mtoto wa shule, afu ufungue saa saba mchana uone kilichobaki.

Mie ninavyoona, shida za sandwichi karibu zote ni maji. Ama yako pahali hayatakiwi, ama yametoka pahali yalikuwa yabaki. Na mvuke nao ni maji, watu wanasahau hilo. Kwa hivo ikiharibika usikimbilie kulaumu bofulo la duka fulani, fungua sandwichi yako uitazame, ujiulize haya maji yametoka wapi na yamekwenda wapi.

MKATE UMELOWA UMEKUWA KAMA UJI

Hii ndio ya kwanza kwa malalamiko. Angalia umelowa upande gani, manake jibu liko hapo hapo.

Umelowa ndani, pale penye nyanya na tango? Basi ni jasho la mboga. Nyanya kubwa za kuiva ni maji matupu, na ule ute wenye mbegu ndio mbaya zaidi. Toa ute kwa kijiko, kata slesi, nyunyizia chumvi kidogo afu vilaze juu ya kitambaa safi kwa dakika 10 hivi. Chumvi inayavuta maji yatoke yakiwa kwenye kitambaa badala ya kutokea kwenye mkate. Geuza, futa, ndio uweke. Tango fanya hivo hivo, na likiwa limekomaa kwaruza zile mbegu za katikati utupe. Kosa ambalo wengi hufanya ni kumwagia chumvi nyanya ikiwa tayari ishalala ndani ya mkate, sasa hapo si umeiambia itoe maji huko ndani? Ukishaipanga kwenye mkate, chumvi iende kwenye yai ama kwenye nyama, nyanya ibaki vile ilivyo.

Kabichi mbichi ya kukatakata nyembamba nayo huonekana kavu lakini inadanganya, ukiichanganya na mayonezi baada ya nusu saa kuna kidimbwi chini ya bakuli. Itie chumvi robo saa, ifikiche kwa mkono, ikamue kama unavokamua kitunguu cha kachumbari, ndio utie mayonezi.

La pili ni siagi. Watu wanapaka siagi ati kwa utamu tu, hapana, siagi ni ukuta. Mafuta na maji hayapatani, kwa hivo ukipaka siagi mpaka kwenye kingo, na pande zote mbili za mkate sio upande mmoja, maji ya nyanya yanagonga hapo yanabaki juu. Ukiacha pembe moja bila siagi hiyo pembe ndio italowa, jaribu uone. Majarini inafanya kazi hiyo hiyo. Mayonezi inasaidia lakini si ukuta kamili manake yenyewe ina siki ama ndimu ndani yake. Na chatine ya nazi, sosi ya nyanya, maji ya ukwaju, hivi usipake kabisa moja kwa moja juu ya mkate, weka katikati, juu ya nyama ama juu ya chizi.

Sasa ikiwa ndani ni sawa lakini nje ndio kumelowa, na foili ukiifungua ina matone kama bati alfajiri, hiyo ni mvuke. Umefunga kitu cha moto. Hii inawakuta sana watu wa sandwichi za kima. Kima imetoka jikoni sasa hivi inatoa moshi, mama ana haraka watoto wachelewa shule, anaijaza kwenye mkate, anafunga foili, mvuke hauna pa kwenda unageuka maji unarudi kwenye mkate. Dawa ni kuitandaza kima kwenye sinia, sio kuilundika kwenye bakuli, na usiifunike mpaka ipoe. Dakika 15 karibu na dirisha zatosha. Kama asubuhi huna hizo dakika basi ipike usiku, ipoe, ilale friji.

Na kima yenyewe iwe imekauka kweli. Ntakwambia vile utajua: pitisha mwiko katikati ya sufuria mpaka uone chini. Ile njia ikijaa mchuzi polepole, bado. Ikibaki wazi, sufuria inang'aa mafuta tu, na ile sauti ya kutokota imebadilika imekuwa ya kukaanga, hapo toa. Ndimu tia mwisho na kidogo. Ukiona ishakuwa rojo na huna wakati, ponda kiazi kimoja cha kuchemsha uchanganye, kinafyonza, na ladha inakuwa kama ya katlesi, hakuna atakayelalamika.

Umelowa chini peke yake? Ni sahani. Mkate wa kuchomwa ukiuweka wa moto kwenye sahani ya udongo unatoa jasho upande wa chini. Weka juu ya waya ama uteo safi, hewa ipite chini, basi yameisha.

Kufunga pia kuna mambo yake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 wengi tumehamia foili, na foili ni nzuri lakini haipitishi hata chembe ya mvuke. Kwa hivo anza na karatasi safi, ile nyeupe isiyo na maandishi tafadhali, sio gazeti manake wino unahama, halafu foili juu. Karatasi inakunywa jasho. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa vizuri kinafanya kazi hiyo hiyo, na hicho unakitumia kesho tena.

INAKABA, MPAKA UNYWE MAJI NDIO ISHUKE

Huku ni kinyume, maji yamekimbia. Kwanza bofulo lenyewe: uliliweka kwenye friji? Hapo ndipo tatizo. Watu wanadhani friji inatunza mkate, inauzuia ukungu ni kweli, lakini wanga wa mkate ukikaa kwenye ule ubaridi wa friji unakakamaa haraka kuliko hata ukiuacha mezani. Unabaki mgumu halafu ukiukunja unavunjika. Kwa hivo mkate ama mezani ukaliwa leo na kesho, ama friza kabisa. Kwenye friza ule ukakamavu unasimama. Gawa slesi kwa vifurushi vidogo, utoe za siku moja tu, na kwa joto letu hili slesi ikitoka friza haichukui muda ishalainika. Mkate uliokakamaa tayari ukiupitisha kwenye tawa la moto unarudi kuwa laini, lakini ule hapo hapo, ukipoa unakuwa mgumu zaidi ya mwanzo.

Halafu kuna vitu vikavu ndani ya vikavu. Katlesi ndani ya bofulo, ile sandwichi ambayo hapa kwetu hatuiiti hata sandwichi, ni wanga ndani ya wanga, yataka kitu cha majimaji. Chatine ya nazi, ama pilipili ya ukwaju, na ipasue katlesi katikati umwagie humo ndani, mkate ubaki mkavu. Kifua cha kuku wa kuchemsha ndio hatari zaidi, huwa kama pamba. Kichambue kikiwa bado vuguvugu ukitie vijiko viwili vya ile supu yake, kitaikunywa yote, ndio uchanganye na mayonezi ikishapoa. Ukichanganya kuku mkavu na mayonezi tupu utatia nusu chupa na bado anakaba.

IMEUNGUA NJE, CHIZI NDANI BADO BARIDI

Moto mkali, hakuna siri nyingine. Mkate unabadilika rangi haraka sana, chizi inataka muda, na joto lazima lipenye mkate kwanza ambao ndani umejaa hewa. Kwa hivo moto mdogo, tawa zito, na funika. Ukifunika joto linazunguka juu pia chizi inalainika, lakini usifunike mwanzo hadi mwisho manake mvuke utalainisha mkate. Funika dakika 2 au 3 za mwanzo, chizi ikianza kuchungulia pembeni funua, ugeuze, umalizie wazi ili iwe kavu na ilie ukiikata.

Wenye jiko la makaa msijione mmeachwa nyuma. Moto juu na chini, kama mkate wa sinia: makaa machache chini, kifuniko cha bati juu na makaa mawili matatu juu yake. Chizi inayeyuka kwa juu huku mkate unachukua rangi taratibu. Wallahi inashinda mashine.

Siagi ikiwa inakuwa nyeusi kabla mkate haujachukua rangi, sababu ni kwamba siagi sio mafuta matupu, kama asilimia 80 ndio mafuta, iliyobaki ni maji na mabaki ya maziwa na hayo mabaki ndio yanaungua. Pakaza samli badala yake. Samli yale mabaki yameshatolewa, inavumilia moto, na harufu yake kwenye mkate unajua mwenyewe.

Chizi haiyeyuki hata ukiikalia? Inategemea ni chizi gani. Zile slesi zilizofungwa moja moja zimetengenezwa ziyeyuke, hazikupi shida. Cheda ya kipande ikune, usiikate mapande manene. Lakini panir na feta hazitayeyuka mpaka kesho asubuhi, zinapata moto tu zinabaki na umbo lao, kwa hivo usisubiri huku mkate unaungua. Na jamaa zetu wa Malindi ambao Waitaliano wamewazoesha mozarela, ile mbichi inayoogelea kwenye maji yake, tatizo lao ni kwamba inayeyuka vizuri na inamwaga maziwa kila pahali. Ikate, iache kwenye chujio nusu saa, ifute kwa kitambaa. Tumerudi kwa maji tena, si nilisema.

Wenye mashine ya stima ya kubana: ikiwa mkate unakauka tu kama rusk bila kuchukua rangi usikimbilie kuitupa, angalia stima kwanza. Stima ikishuka nguvu ya mashine inashuka zaidi ya unavodhania. Mashine ya wati 750 iliyotengenezewa volti 240, ukiipa volti 200 inabaki na kama wati 520 hivi. Jioni watu wote wamewasha vitu na taa zako zinafifia, hiyo mashine haikaangi, inaanika. Iwashe ipate moto dakika 5 zaidi kabla ya kuweka mkate, ama tumia tawa. Na ikiwa vitu vinamwagika pembeni na kugandia, umejaza sana. Mashine ile inabana kingo, ikishindwa kuzifunga kila kitu kitatoka. Vijiko viwili vya mseto, yani ule mchanganyiko wa kujaza ndani, weka katikati na uache nafasi ya kidole pembeni, siagi nje ya mkate sio kwenye mashine.

INAMWAGIKA UKIUMA UPANDE MMOJA, VITU VINATOKEA UPANDE WA PILI

Umeweka kitu cha kuteleza juu ya kitu cha kuteleza. Nyanya juu ya tango juu ya yai, hizo zote zina utelezi, ukibana tu zinakimbia. Kila kitu chenye kuteleza kipe jirani mwenye kushika: chizi iliyokunwa, jani la saladi lililokaushwa, mseto wa kuku. Sandwichi ya ghorofa mbili ibane kidogo kwa kiganja kabla ya kuikata na uichome kijiti. Kisu kiwe cha meno, ukate kwa kukokota kwenda na kurudi bila kukandamiza, ukikandamiza umeshakamua kila kitu. Na bofulo la moto kutoka bekari, najua harufu inakuita, lakini ndani bado halijashika, ukilikata linajikunja kuwa donge. Lisubiri lipoe.

MAYAI

Kiini kimezungukwa na duara la kijani na kuna kaharufu? Umechemsha sana. Chuma cha kwenye kiini kinakutana na salfa ya ule weupe, wala hakidhuru mtu, lakini watoto wakiona kijani hawali. Tia mayai kwenye maji yanayotokota tayari, hesabu dakika 10, toa utumbukize kwenye maji baridi sana. Hayamenyeki, ganda linaondoka na nyama? Ni mapya mno, ya kienyeji yaliyotagwa jana hayo. Yaliyokaa kama wiki humenyeka vizuri zaidi, kwa hivo ya leo yakaange, ya wiki iliyopita uyachemshe.

Mseto wa mayai ukiwa na maji maji: uliyaponda yakiwa ya moto, mayonezi ikalegea. Ama uliyamenya chini ya bomba hukuyafuta. Ama kitunguu. Kitunguu kibichi kikishakatwa na kutiwa chumvi kinatoa maji na kinatoa ukali, na usiku mmoja kwenye friji kinatawala bakuli zima. Kifikiche na chumvi, kioshe, kikamue, tia wakati wa kula.

MAYONEZI YA NYUMBANI IMEKATIKA

Yani mafuta yamejitenga yanaelea, kiini kiko peke yake, inaonekana kama mtindi ulioharibika. Mafuta yameingia kwa haraka. Kiini kimoja na kijiko cha ndimu kinabeba robo tatu ya kikombe cha mafuta bila shida, lakini mwanzo lazima iwe tone kwa tone, kweli tone, mpaka uone imekuwa nzito, ndio uanze kumwaga uzi mwembamba. Ikikatika usitupe mafuta ya watu. Bakuli safi, kiini kipya, ama hata kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu, halafu ile iliyokatika itie humo kidogo kidogo huku unapiga. Inarudi.

Kuna anayetumia mafuta ya nazi kwa kuwa yapo nyumbani. Hapo nje yanafanya kazi, ukiingiza friji ndio unakuta jiwe, manake mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24. Tumia ya alizeti, na ya nazi kijiko kimoja tu kwa harufu.

Hii ya nyumbani ina yai bichi. Iliwe siku hiyo hiyo, ikae friji, isisafiri. Mja mzito, mtoto mdogo na mzee wapeni ya chupa.

SANDWICHI YA JODARI: USO UMEWAKA, MWILI UNAWASHA

Hapa naomba usome pole pole manake sio mambo ya ladha tena. Mtu amekula sandwichi ya jodari, baada ya dakika chache ama saa moja mbili uso umekuwa mwekundu umepata moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wengine tumbo linaharisha. Watu watasema ana mzio wa samaki, wengine watasema kapigwa jicho, na kesho yake anakula samaki mwingine wala hapati kitu. Mara nyingi hiyo ni histamini. Jodari na vibua na jamii yao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria wanaitengeneza ndani ya nyama, na ubaya wake ikishatengenezwa haitoki. Umkaange, umchemshe, umtie friza, kwenye mkebe, bado ipo. Samaki anaweza kunuka vizuri kabisa na awe nayo. Saa zingine, sio zote, inajionyesha mdomoni: unahisi kama pilipili manga inachoma ulimi ilhali hukutia. Tema, usimalizie kwa kuona haya.

Kwa hivo dawa iko mwanzo sio jikoni. Jodari atoke kwenye mashua akiwa na barafu, ukimnunua kwa mtu aliyemlaza kwenye mbao tangu asubuhi na jua limempiga muache hata akupunguzie nusu bei. Ukifika nyumbani mpasue, mtoe matumbo, barafu ama friji hapo hapo, usianze kupiga soga mlangoni. Ukishampika mchambue akipoa uingize friji. Mtu akipatwa na hizo dalili na akawa anashindwa kupumua ama midomo inavimba, hospitali mara moja, usianze kumpa maziwa.

Jodari wa mkebe yeye shida yake ni ile yetu ya siku zote. Mwaga maji ama mafuta yake, afu mbonyeze na kijiko dhidi ya chujio mpaka yaishe. Bakuli lifunike kwa kawa zito na jiwe juu ikibidi, paka wa mji huu hawahitaji kuelezwa.

VIDOGO VIDOGO

Avokado imekuwa nyeusi: ni hewa tu, ipake ndimu na ibanwe na mkate usiiache wazi, na uponde wakati wa kula sio jana usiku. Mkate una madoa ya kijani: tupa lote, usikate lile doa ukala lililobaki, manake kwenye mkate laini zile nyuzi za ukungu zishapita ndani kabla hujaziona. Wakati wa mvua za masika nunua nusu bofulo kila siku, usinunue mawili kwa kuwa yapo ofa. Chungu wamevamia: sahani ya mkate iweke ndani ya sinia lenye maji kidogo, hawavuki kirahisi.

Chapati ya kusokota inapasuka ukiikunja: imekauka, ilipikwa kwa moto mdogo muda mrefu ama iliachwa wazi. Pika kwa moto wa kutosha itoke haraka, na zikitoka zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa ufunge, hapa mvuke ndio tunautaka. Ikunje ikiwa bado vuguvugu hata kama utaijaza baadaye. Ikiwa imepasuka tayari, lowesha vidole uipanguse juu, irudi kwenye tawa nusu dakika, ikunje hapo hapo.

SANDWICHI ZA MANDARI ZIMECHACHA KABLA HAMJAFIKA

Mnakwenda kisiwa cha Manda ama magofu ya Takwa, mashua inaondoka saa tatu, mtakula saa saba baada ya kuogelea. Ni saa nne hizo. Chakula kilichopikwa, kama kuku, mayai, samaki, kima, kisizidi saa 2 nje ya ubaridi, na hewa ikipita nyuzi 32 kisizidi saa 1. Siku za Februari na Machi hapa hizo nyuzi 32 hazina ugeni. Na kuna vijidudu vinavyotoka kwenye mikono yetu wenyewe, vikishatoa sumu kwenye chakula hata ukipasha moto haiondoki, kwa hivo nawa mikono vizuri na mwenye kidonda kidoleni asichanganye kuku.

Namna nzuri ni kutoifunga sandwichi nyumbani kabisa. Mkate peke yake ndani ya kitambaa, umepakwa siagi tayari. Mseto wa kuku ama mayai kwenye kopo lililolala friji usiku kucha, likae katikati ya barafu ndani ya kulabox, sio juu yake. Chupa za maji zilizoganda ndio barafu nzuri, zikiyeyuka mnakunywa na hazimwagiki kwenye chakula. Kulabox ikae kivulini chini ya ubao, isifunguliwe kila mtu akitaka soda, soda ziwe na kulabox yao. Nyanya ziende nzima, zikatwe huko huko, na mfuko wa chumvi mkumbuke.

Mkiwa hamna barafu, badilisheni sandwichi. Siagi na jemu, siagi ya karanga na ndizi, chizi ya slesi na achari ya embe, hizo zinavumilia safari. Unaweza pia kuzigandisha usiku, za jemu, ukazitoa asubuhi zikiwa ngumu, zinayeyuka njiani na saa ya kula ziko tayari. Za mayai usigandishe, ule weupe unakuwa mpira, na mayonezi inakatika, na tango linarudi likiwa limelegea kama kamba iliyolowa.

Zile zilizobaki zikashinda juani kwenye kikapu mpaka magharibi, usizirudishe friji ati mtoto atakula na chai ya usiku. Tupa.